Diski Moja Si Hifadhi: Kutunza Maktaba ya Picha Nyumbani na Kanisani, Fizi na Baraka



Miaka michache iliyopita mama mmoja wa kanisa letu alikuja nyumbani kwangu, hapa Baraka, kuomba picha ya marehemu mumewe. Msiba ulikuwa umetokea usiku, na familia ilitaka picha ya kuweka mbele ya jeneza. Nilijua ninayo. Nilimpiga mimi mwenyewe siku ya ubatizo ziwani, amesimama ndani ya maji, anacheka. Nikatoa diski ya nje kabatini, nikaichomeka kwenye kompyuta. Ikalia tiki, tiki, tiki, na haikufunguka tena. Picha za miaka miwili zilikuwa humo, na hazikuwa mahali pengine popote. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Haidhuru, Mchungaji," akarudi kwenye kilio. Walimzika mumewe na picha ndogo iliyokuzwa kutoka kwenye kadi yake ya mpiga kura.

Akiba haiozi, wazee walisema. Lakini diski huoza. Makala haya yameandikwa kwa makatibu wa parokia, vijana wanaopiga picha, viongozi wa kwaya na familia zenye picha nyingi. Yanaeleza jinsi ya kuziweka kwenye diski ya mtandao wa nyumbani, na mambo yanayotakiwa ili zisipotee pamoja na diski hiyo.

Kwa nini tujisumbue

Sisi wa Fizi tunajua maana ya kubaki bila picha. Vita vya 1996 vilipofika, wengi walivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, wakakaa Nyarugusu na Lugufu kwa miaka mingi. Mtu anayekimbia huchukua mtoto, sufuria na blanketi, albamu hubaki. Ndiyo sababu familia nyingi za Lweba, Mboko, Swima, Kazimia na Fizi yenyewe hazina hata picha moja ya mababu. Watoto wanauliza babu alifananaje, nasi tunajibu kwa maneno.

Picha za kale za makanisa yetu, nyingi ziko mbali. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden na Norway walianza kazi Kivu Kusini miaka ya 1920, na picha walizopiga walizipeleka kwao. Tuchukue mfano wa Misheni ya Basel, Uswisi, ambayo haikufanya kazi kwetu bali Ghana, Kameruni, India na China. Hifadhi yake ina picha zaidi ya 28,000 zilizopigwa kati ya 1850 na 1950, na leo mtu anaweza kuzitazama kwenye intaneti. Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, nacho kimekusanya picha za misheni mbalimbali mahali pamoja. Picha hizo hazikudumu kwa bahati. Kulikuwa na daftari, mahali pakavu, na watu waliopokezana kazi. Mambo hayo matatu hata sisi tunaweza kuyafanya.

Diski ya mtandao ni nini

Diski ya nje ya kawaida huchomekwa kwenye kompyuta moja kwa waya. Diski ya mtandao, ambayo mafundi huiita NAS, ni kisanduku chenye diski moja, mbili au zaidi ndani yake, na kompyuta ndogo ya kuziongoza. Unakiunganisha na ruta kwa waya, na tangu hapo kila simu na kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumba au ya ofisi ya parokia inaweza kuweka picha humo au kuzitazama. Kampuni za Taiwan, Synology na QNAP, zinajulikana sana kwa visanduku hivi. Fundi anaweza pia kutengeneza kimoja kwa kompyuta ya zamani au kwa Raspberry Pi, kwa programu za bure.

Jambo ambalo wengi hawalijui: diski ya mtandao haihitaji intaneti. Ruta isiyo na kifurushi chochote inatosha kuunganisha vyombo vyote ndani ya nyumba. Kwa sisi hilo ni jambo kubwa. Tuseme una picha za gigabaiti 240, na unataka kuzipandisha kwenye hifadhi ya mbali kwa intaneti inayopandisha megabiti 1 kwa sekunde. Kazi hiyo itachukua siku 22, usiku na mchana, bila kukatika hata mara moja, na kifurushi utakilipa wewe. Picha zilezile, kwa waya wa mtandao wa gigabiti kutoka kompyuta hadi NAS, huweza kuisha ndani ya saa moja hivi. Kwa Wi-Fi ya kawaida ni saa kadhaa. Kwa hiyo mara ya kwanza, unapohamisha mzigo wote, tumia waya.

Pima kwanza, ndipo ununue

Kabla ya kutoa fedha, jumlisha picha ulizonazo. Picha moja ya simu huwa na megabaiti 3 hadi 5. Tukikadiria 4, picha 60,000 ni gigabaiti 240, na terabaiti 1 inaweza kubeba picha kama 250,000. Kinachojaza diski ni video: dakika moja ya video ya simu inaweza kufika megabaiti 100 na zaidi, hivyo harusi moja iliyorekodiwa saa 3 ni gigabaiti 18 au kupita. Zidisha jumla yako mara 3 ili upate nafasi ya miaka ijayo. Kwa parokia nyingi, diski 2 za terabaiti 2 au 4 zinatosha kabisa.

Unapouliza diski za kuweka ndani ya NAS, omba zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, za aina ya CMR. Zile za SMR hufaa kwa nakala ya kuweka kabatini, lakini ndani ya NAS huchelewa sana pale diski moja inapokufa na nyingine kujengwa upya.

Jihadharini pia na diski bandia. Ukiona flashi ya "terabaiti 2" kwa bei ya chakula cha mchana, ujue ni uongo. Ndani yake kuna nafasi ndogo tu. Ikijaa, huendelea kupokea picha huku ikifuta au kuharibu zilizotangulia, wala haikuonyi. Programu za bure H2testw, kwa Windows, na F3, kwa Linux na Mac, huijaza diski yote na kuisoma tena ili kuonyesha ukubwa wake wa kweli. Ipime kabla ya kuweka picha hata moja, na muuzaji akiwa bado anakukumbuka.

Umeme wa jua na diski

Wengi wetu tunaishi kwa paneli za jua au jenereta, kwa hiyo hesabu ya umeme ni sehemu ya hesabu ya picha. NAS ya diski 2 hutumia wati 15 hadi 20 inapofanya kazi. Ikiwaka saa 24 kwa wati 20, ni wati-saa 480 kwa siku. Betri ya volti 12 ya amp-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ile ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo unabaki na 600. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri la saa 5 hutoa 500 kwa hesabu, na chini ya hapo kwa kweli. Maana yake NAS inayowaka siku zote italamba karibu umeme wote, na taa za nyumba zitalala.

Suluhisho ni rahisi: si lazima iwake siku zote. Saa 5 kila jioni ni wati-saa 100 tu. Visanduku vingi vina ratiba ya kuwaka na kuzima vyenyewe. Raspberry Pi yenye diski ndogo ya SSD hutumia wati chini ya 10, na kwa familia inatosha.

Kinachoua diski zetu zaidi ni kuzimika ghafla wakati inaandika. Hapo faili huharibika, na mara nyingine orodha yote ya picha hupotea. Fanyeni mambo matatu. Zimeni NAS kwa kitufe au kwa programu, msichomoe waya. Wekeni UPS ndogo katikati, hata ya dakika 10. Visanduku vingi huunganishwa nayo kwa waya wa USB, vikiona umeme umekatika vinajizima vyenyewe kwa utaratibu. Na kama mnataka kuunganisha NAS moja kwa moja na betri kwa sababu adapta yake imeandikwa volti 12, wekeni kwanza kidhibiti cha volti. Betri inapochajiwa na jua hupanda volti 14 na zaidi, na kisanduku kinaweza kuungua.

Kukusanya picha kabla hazijaharibika

Picha nyingi za makanisa yetu leo hazipo kwa mchungaji. Ziko kwenye simu za vijana, na zinafika kwetu kwa WhatsApp. Hapo kuna hasara isiyoonekana. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha ili isafiri haraka, na huondoa maelezo yaliyofichwa ndani yake: tarehe, saa, aina ya kamera. Picha inaonekana vizuri kwenye simu, lakini ukitaka kuisafisha kwa ukubwa wa kuweka ukutani, uso unakuwa kama umepakwa ukungu. Mwambieni kijana aitume kama "hati", si kama picha; hapo inafika nzima. Au afike nyumbani na waya wake, picha ziingie kwenye NAS moja kwa moja. Mimi nimeweka Jumamosi moja kila mwezi: vijana wanakuja na simu, tunakunywa chai, picha zinahama.

Angalieni pia tarehe ya simu. Simu iliyozimika muda mrefu bila kupata mtandao inaweza kurudi mwaka 1970 au 2000, na picha ya Pasaka ya mwaka huu ikajipanga kabla ya mpigaji kuzaliwa.

Kwa picha za karatasi, skana ni bora. Picha ya sentimita 10 kwa 15 iskaniwe kwa dpi 600. Utapata nukta kama 2,400 kwa 3,600. Ikihifadhiwa kwa TIFF bila kubanwa ni megabaiti 26 hivi. Kwa JPEG ya ubora wa juu ni ndogo zaidi, na kwa picha za kawaida inatosha. Asiye na skana atumie simu: aiweke picha mezani karibu na dirisha, mbali na jua kali, asitumie flashi, simu iwe sambamba na karatasi. Skani upande wa nyuma pia kama kuna maandishi. Mara nyingi jina la babu liko nyuma, si mbele.

Mali bila daftari huisha bila habari

Methali hii ni ya wafanyabiashara, lakini inatufaa. Picha 60,000 zenye majina kama IMG_4471 ni sawa na kaburi lisilo na msalaba. Mpangilio ufuatao ni rahisi na unasomeka kwenye kompyuta yoyote, hata baada ya miaka 30:

Folda ya mwaka, kisha folda ya tukio, ikianza na mwaka, mwezi na siku: 2019-08-11_Baraka_Ubatizo. Ukianza na mwaka, folda zinajipanga zenyewe kwa mfuatano. Msitumie alama za kuchanganya kama / au ? katika majina. Kama siku haijulikani, andikeni mwaka tu. Kama mwaka nao ni wa kukisia, semeni hivyo wazi: 1974-kadirio_Nundu_Mkutano.

Ndani ya kila folda wekeni faili moja ya maandishi ya kawaida yenye majibu ya maswali matano: nani anaonekana, kutoka kushoto kwenda kulia, wapi, lini, tukio gani, nani alipiga. Andikeni jina la mtu kama anavyoitwa nyumbani na kama lilivyo kwenye hati, na jina la kijiji kwa namna zote linavyotajwa, maana mjukuu atakayetafuta hatajua tulitumia lipi. Programu ya bure digiKam, inayofanya kazi bila intaneti, inaweza kuandika maelezo hayo ndani ya picha yenyewe, ili hata ikinakiliwa kwingine yaende nayo. Immich na PhotoPrism, nazo za bure, huwekwa kwenye NAS yenye nguvu ya kutosha na kuonyesha picha zote kwenye simu kwa tarehe na kwa nyuso. Ni nzuri, ila msiache majina yote ndani ya programu tu. Programu hubadilika, folda na maandishi hubaki.

Kazi hii ina haraka kuliko ya kununua diski. Katika parokia yetu tulikaa na mzee mmoja mchana kutwa, picha za zamani zikipita kwenye kompyuta, yeye akitaja majina na kijana akiandika. Alitaja watu 43. Miezi miwili baadaye mzee alifariki. Diski tungeweza kuinunua mwaka uliofuata. Majina yale tusingeyapata tena.

Nakala tatu, mahali pawili

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mimi nililijifunza kwa aibu. NAS yenye diski 2 inaweza kuandika kila picha kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja; mafundi huita RAID 1. Diski moja ikifa, nyingine inaendelea. Ni kinga nzuri, lakini si nakala ya akiba. Ukifuta folda kwa makosa, inafutika kwenye zote mbili papo hapo. Mwizi akichukua kisanduku, anachukua zote. Maji, moto, radi na virusi havichagui diski ya kulia wala ya kushoto.

Na diski hufa. Kampuni ya Marekani Backblaze, inayotumia diski kwa mamia ya maelfu, ilitangaza kuwa mwaka 2023 zilizokufa zilikuwa kiasi cha 1.4 kwa kila 100. Hizo zilikuwa kwenye vyumba vya baridi, visivyo na vumbi, umeme hautikisiki. Zetu zinakaa chini ya bati.

Hata kisanduku kikiwa kizima, kuna hatari ya intaneti. Mwezi Juni 2021 watu wengi duniani wenye diski za mtandao za nyumbani aina ya My Book Live waliamka na kukuta picha zao zote zimefutwa. Wahalifu walikuwa wameingia kwa njia ya intaneti. Januari 2022 visanduku vingi vya QNAP vilifungwa na programu ya utekaji iliyoitwa DeadBolt, na wenyewe wakadaiwa fedha ili wafunguliwe. Somo ni hili: msifungue NAS yenu kwa dunia nzima kama hakuna haja. Iacheni ifanye kazi ndani ya nyumba, badilisheni neno la siri la kiwandani, na sasisheni programu yake kila mnapopata mtandao mzuri.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni inayoitwa 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati ya hizo iwe mbali. Kanuni hiyo ni ya wakati wetu, lakini hekima yake ni ya zamani. Katika Yeremia 32, Yerusalemu ikiwa imezingirwa na jeshi, nabii ananunua shamba na kuandikisha hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja ya wazi, naye Baruku anaambiwa aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu. Katika Ezra 6, amri ya Koreshi juu ya hekalu inatafutwa Babeli. Inapatikana Akmetha, katika nchi ya Wamedi. Kama ingetegemewa hifadhi ya Babeli pekee, wajenzi wangekosa ushahidi.

Kwetu inaweza kuwa hivi. Nakala ya kwanza iko kwenye NAS ya ofisi ya parokia. Ya pili iko kwenye diski ya nje, inachomekwa mara moja kwa mwezi, inanakiliwa, kisha inachomolewa na kufungiwa nyumba nyingine. Diski iliyochomolewa haiguswi na virusi wala radi. Ya tatu inakaa mji mwingine. Baraka iko kando ya ziwa, Fizi iko juu milimani. Maji yanayofika huku hayafiki kule. Makanisa mawili yanaweza kutunziana diski, zikibadilishwa kila mara mchungaji anaposafiri kwa mkutano. Wengine wana ndugu Bukavu, Kigoma au ng'ambo. Iende imefungwa vizuri ndani ya nguo, imezimwa, isikae juu ya injini. Barabara yetu mnaijua.

Kwa nakala ya kukaa muda mrefu bila kuguswa, diski ya kuzunguka ni afadhali kuliko SSD au flashi, maana hizo zikikaa miaka bila umeme zinaweza kupoteza zilichobeba. Na nakala ya mwisho, nyenyekevu kuliko zote: chagueni picha 50 muhimu, zisafisheni kwenye karatasi, andikeni majina nyuma kwa penseli. Karatasi haiombi neno la siri.

Maji, vumbi na siku ya kukimbia

Mafuriko ya Uvira ya Aprili 2020, na ziwa lililopanda miaka iliyofuata, yametufundisha. NAS isikae sakafuni. Iwe juu ya rafu, mahali penye hewa, mbali na jiko na dirisha la vumbi. Ipanguswe kwa brashi laini kila mwezi. Diski iliyoingia maji isiwashwe kujaribu. Mpeni fundi, au tumieni nakala.

Picha za karatasi zikilowa, msizibandue zikiwa zimekauka nusu. Zitenganisheni zikiwa bado mbichi, zisuuzeni taratibu kwa maji safi baridi, zilazeni uso juu, zisigusane, kivulini, ndani ya siku 2 kabla ukungu haujaota.

Na kwa siku ambayo hatuitaki: mjue mapema ni diski gani itakayochukuliwa. Diski ya nje yenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo inaingia ndani ya kitenge. NAS iacheni.

Picha zisizo za kila mtu

Picha inaweza kumheshimisha mtu, na inaweza kumwumiza. Tuna picha za watoto, za mama waliotendewa ukatili, za wakimbizi wa Lusenda, za watu waliopatanishwa baada ya ugomvi wa damu. Hizo zisichanganywe na za harusi. NAS huruhusu kuweka sehemu iliyofungwa kwa neno la siri na kusimbwa, ionekane na watu 2 au 3 tu. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga, na kabla ya kusambaza. Zimeni GPS ya kamera ya simu mnapokuwa mahali penye hatari, kwa sababu picha huweza kubeba ndani yake mahali hasa ilipopigwa. Kanuni ya dijitali ya Kongo, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, nayo inalinda habari binafsi za watu. Lakini hata bila sheria, mchungaji hatoi siri ya kondoo.

Nani ataifungua usipokuwepo?

Wachungaji huhamishwa, makatibu huugua, vijana huenda kutafuta kazi Lubumbashi. Hifadhi inayojulikana na mtu mmoja ni diski moja tu kwa jina lingine. Andikeni karatasi moja: NAS iko wapi, nakala ziko kwa nani, majina ya kuingilia na maneno ya siri, namna ya kuwasha na kuzima. Ifungwe ndani ya bahasha, iwekwe pamoja na vitabu vya ubatizo, na watu wawili wajue ilipo.

Ratiba yetu ni hii. Kila mwezi: kukusanya picha, kuandika majina, kunakili kwenye diski ya nje. Kila miezi 3: kufungua picha 20 za hapa na pale kutoka kwenye nakala, kuona kama zinafunguka kweli, maana nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Kila mwaka: kubadilishana diski na kanisa la mji mwingine. Kila miaka 5 hivi: kununua diski mpya kabla ya ile ya zamani kulia.

Baada ya kushindwa kumsaidia mama yule, nilizunguka kwa mashemasi na vijana nikiuliza nani alikuwa na simu siku ile ya ubatizo. Mmoja, Lweba, alikuwa na picha moja aliyotumiwa kwa WhatsApp: ndogo, haina tarehe, nusu ya uso imefichwa na bega la mtu mwingine. Niliisafisha, nikampelekea. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hata kicheko kinaonekana." Leo picha ile iko kwenye NAS ya parokia, kwenye diski iliyo Fizi, na ukutani mwa nyumba yake, na jina la mumewe limeandikwa nyuma kwa penseli.